Asituugulie Tena Mwaka Huu

Wiki mbili kabla ya Krismasi wifi yangu alinipigia simu tupange safari. Tuliongea vizuri: nani atalala wapi, nani atatangulia, nani atakuja na watoto. Alipokuwa anaaga akasema, "Ila huyo mwanao mwaka huu asituugulie tena."

Hakuwa na ubaya. Anampenda binti yangu, na mwaka juzi ndiye aliyetukimbiza hospitali usiku kwa gari lake, akiwa bado na nguo za sherehe. Lakini neno lile limenikaa kifuani tangu siku ile. Naliandika kwa sababu najua wapo akina mama wengi wanaolisikia msimu huu, kwa maneno hayohayo au kwa jicho tu.

Binti yangu ana miaka 9. Ana selimundu, ugonjwa ambao wengi tumezoea kuuita sikoseli. Katika miaka yake 9, Krismasi 4 tumezilalia wodini.

Watu huuliza kwa nini iwe sikukuu kila mara, kana kwamba mtoto huchagua tarehe. Sababu ipo, na ilinichukua muda kuiona. Chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni za duara, laini, hupenya hata kwenye mishipa midogo kabisa, na huishi kama siku 120. Za binti yangu huishi siku 10 hadi 20 tu. Oksijeni ikipungua, au mwili ukikaukiwa maji, hujikunja zikawa kama mundu, zikashikana, zikakwama. Damu haipiti pale zilipokwama, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Vinavyoamsha hali hiyo ni baridi, kiu, uchovu na maambukizi. Sasa itazame sikukuu yetu. Safari ya saa nyingi, na mtoto anaambiwa asinywe maji sana ili gari lisisimamesimame. Anakesha na binamu zake. Anacheza kwenye maji baridi mpaka midomo inatetemeka. Nyumba imejaa watu, na mmoja wao kaja na kikohozi. Watoto wengine hayo yote wanayapita salama, wanaamka asubuhi wanadai tena. Yeye siku ya tatu anashika paja na kusema, "Mama, imeanza."

Kwa hiyo naona neno lile limegeuzwa. Anayetakiwa kubadilika ili sikukuu isiharibike si yeye. Sikukuu tumeipanga sisi watu wazima, na tumeipanga kwa namna ambayo mwili wake hauwezi kuibeba.

Krismasi yake ya kwanza alikuwa na miezi 8. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima, kwa sababu miezi ya mwanzo analindwa na himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) aliyotoka nayo tumboni. Kinga hiyo hupungua taratibu, na karibu na miezi 6 ugonjwa huanza kujitokeza. Sisi hatukujua lolote. Siku ile alipokelewa mkono kwa mkono kama mgeni wa heshima, kila shangazi anataka kumbeba, na yeye akalia kutoka mkono wa kwanza mpaka wa mwisho. Mmoja akasema mikono ya nguo inambana. Nikamvua. Viganja vilikuwa vimevimba kwa juu, ngozi imenyooka na kung'aa, vile vishimo vidogo vya kwenye vifundo vya vidole havionekani. Miguu vilevile. Nilimgusa kidole gumba, akakata sauti kwa kulia. Leo najua kuvimba huko ni mojawapo ya dalili za kwanza kabisa. Siku ile nilimpaka mafuta nikambembeleza, na mwezi wa kwanza ndipo kipimo cha damu kilipotupa jina.

Baada ya jina likaja swali, na lilielekezwa kwangu. Mama mkwe aliniuliza kwetu kuna nani mwenye ugonjwa huo. Kabla sijafungua kinywa mume wangu akajibu, "Mama, na mimi nimepimwa. Nusu ni yangu." Nitamshukuru kwa jibu lile maisha yangu yote. Selimundu haipiti upande mmoja. Mtoto huugua anapopokea kinasaba hicho kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wamekibeba miaka yote bila kuumwa hata siku moja. Wakiwa hivyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Kila mimba, upya. Sioni mahali pa kumnyooshea mama kidole katika hesabu hiyo, na inaniuma kwamba bado ndiye anayenyooshewa, tena mbele ya wageni.

Kuna jambo jingine la nyumba yenye wageni. Wanamwona mtoto anacheka asubuhi, mchana analia kwa maumivu, na mtu anaguna, "Mbona sasa hivi alikuwa anacheza?" Naomba tuliache hili. Watoto hawa hujifunza kucheka wakiwa wanaumwa, kwa sababu wangesubiri maumivu yaishe kwanza wasingecheka kabisa. Akisema inauma, inauma.

Na yupo kaka yake. Ana miaka 13, hana ugonjwa, na kwa muda mrefu nilidhani kutokuwa na ugonjwa kunamtosha. Mwaka juzi, usiku ule tulipokuwa tunatoka mbio na mkoba, alisimama mlangoni akauliza, "Kwa nini kila kitu ni yeye?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anyamaze, dada yake anaumwa. Tuliporudi tarehe 29 nilimkuta ameiweka zawadi yake chini ya kitanda, karatasi haijaguswa, imeanza kushika vumbi kwenye kona. Alikuwa anamsubiri dada yake ili wafungue pamoja. Nilikaa kitandani kwake nikamwomba radhi, na nikamwambia swali lake lilikuwa halali. Mtoto anaweza kumpenda ndugu yake mgonjwa na bado akachoshwa na ugonjwa. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyo. Nampenda binti yangu kuliko pumzi yangu, na ugonjwa huu umenichosha.

Usiku mmoja wa wodini, dripu ikidondoka na yeye amelala akiwa amekishika kidole changu, nilisoma kwenye simu habari za Walter Clement Noel. Alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Grenada, aliyekwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Tarehe 26 Desemba 1904, siku moja baada ya Krismasi, daktari mwanafunzi aitwaye Ernest Irons alimpima hospitalini, na katika damu yake zikaonekana chembe nyembamba, ndefu, zenye umbo la mundu. Mkuu wake, James Herrick, aliyaandika hayo mwaka 1910, na ndiyo maelezo ya kwanza ya ugonjwa huu katika tiba ya kisasa. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao akafanya kazi yake, akafariki mwaka 1916.

Wanaosoma habari zake wengi huvutiwa na ugunduzi. Mimi nilibaki na ile tarehe. Kijana wa watu, kwao ni ng'ambo ya bahari, wenzake wako kwenye sikukuu, na yeye yuko hospitalini na ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa na jina lake. Nilimtazama binti yangu. Yeye jina la ugonjwa analo, dawa ya haidroksiurea anayo, na watu wake wako mwendo wa simu moja tu. Nikajiuliza kwa nini basi nakesha peke yangu. Jibu nililopata halikunifurahisha: sijawahi kuwaambia wafanye nini. Nimewaambia tu kwamba anaumwa.

Juzi nimempigia wifi yangu. Nimemwambia, "Wifi, neno lako la siku ile liliniuma." Akanyamaza. Nikaendelea kabla sijaogopa. Nikamwambia sikuombi umwombee asiugue tu, nakuomba tushike zamu. Usiku wa tarehe 25 uwe wako, mimi nilale.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sawa. Nijue nini?"

Nikamwambia. Chupa yake ya maji isikauke, hata usiku iwe karibu na mto. Akitoka kwenye maji akaushwe palepale na avae sweta, asisubiri wenzake. Akishika mguu au mgongo, apewe ile dawa ya kwenye mfuko wa pembeni, afunikwe vizuri, asiulizwe mara mbili kama anaumwa kweli. Na joto likifika nyuzi 38.5, ni hospitali saa ileile, kwa sababu bandama yake haimlindi tena kama ya watoto wengine, na maambukizi kwake huenda mbio. Nilisikia anaandika. Alinisimamisha mara mbili nirudie.

"Thelathini na nane nukta tano," akasema. "Na nikija kukwambia nikakuta umelala, nikuamshe kwanza?"

Miaka 9 sijawahi kuulizwa swali hilo, na nilichelewa kulijibu.

"Usiniamshe," nikamwambia. "Mpeleke. Mimi nitawakuta huko."