Mkopo wa Machi haubangui korosho

Ndugu zangu wa Kusini, kila mkijadili wajasiriamali wa Mtwara na Lindi mnaishia palepale: mitaji hakuna. Mimi niko huku Hamburg, na naona fedha zipo. Tatizo ni kalenda.

Wengi mnadhani Ujerumani serikali inamwaga hela. Haimwagi. Aliyepoteza kazi akitaka kujiajiri anaweza kuomba posho inayoitwa Gründungszuschuss: kwa miezi 6 analipwa sawa na fao lake la kukosa ajira, na juu yake euro 300 kila mwezi kwa ajili ya bima. Kwanza mchanganuo wake upitiwe na wajuzi, kwa mfano chemba ya biashara, na hata wakiukubali ofisi inaweza kumnyima. Makaratasi yake usiyaombee. Lakini hela ile ni ya kula na kulipia pango wakati biashara bado inatambaa, kwa hiyo mtu hali mtaji wake.

Kwetu halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Bila riba! Benki ya huku ukiiambia habari hiyo itakucheka. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, watafiti wa korosho wako hapo Naliendele. Semina ndiyo usiseme. Kuna watu vyeti vimejaa kabatini.

Sasa angalieni msimu. Minada inaanza Oktoba, na miezi michache baadaye sehemu kubwa ya mzigo imeshapakiwa kwenda India na Vietnam na maganda yake. Dada yangu ana kikundi cha ubanguaji huko kwenye uwanda wa Makonde. Mkopo wao ulitoka Machi. Machi unanunua korosho ya nani? Labda ukanunue kangomba, ile korosho ya magendo nje ya mnada, ujitafutie kesi.

Na hawa si wa kufundishwa kazi. Korosho ikishapigwa mvuke, wanaibana kwenye mashine ya mkono moja moja, vidole vimepakwa mafuta ya kula maana utomvu wa ganda unababua ngozi. Ikitoka nzima na nyeupe ina bei. Ikipasuka, bei imeanguka. Wanalijua hilo kuliko mtoa semina. Ila hela ikikaa kutoka Machi hadi Oktoba, ada ya shule inaimega, msiba unaimega, na marejesho yanadaiwa kabla hata gunia moja halijaingia.

Mimi ningetaka mkopo uidhinishwe Agosti, na hela iende moja kwa moja kulipia mzigo uliopo ghalani, kikundi kichukue magunia kidogo kidogo mwaka mzima. Posho ya kula kama ya Wajerumani tusubiri kwanza, halmashauri zetu haziiwezi. Tarehe wanaiweza. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Wabaneni madiwani wenu kabla bajeti haijapita.