Sikoseli, vinasaba na hii hoja ya "kucheza na kazi ya Mungu"

Kila ikija habari ya kubadilisha vinasaba vya binadamu, wa kwanza kujibu atasema huko ni kucheza na kazi ya Mungu, wa pili atasema acheni ushamba sayansi ndo inaokoa watu. Mi naona wote wanakimbilia mbali wakati mfano tunao hapahapa nyumbani, sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Tanzania ni moja ya nchi ambazo watoto wengi sana wanazaliwa na huu ugonjwa, na aliyewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa inauma hana muda wa falsafa. Baba AS, mama AS, yaani kila mmoja kabeba kinasaba kimoja kizima (A) na kimoja cha sikoseli (S), kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto awe SS, yaani mgonjwa. Kila mimba jamani, sio kwamba ukishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wamepona, wengi wanateleza hapo.

Kupima kabla ya ndoa sijamsikia shehe wala padri anayepinga, ingawa jaribu kumwambia mtu aliyeshatoa mahari aachane na mchumba sababu ya karatasi ya maabara. Kupandikiza mimba kwa kuchagua kiinitete (yai lililorutubishwa maabara) kisicho na SS ndo panapoanza ugumu, maana vingine vinaachwa, na kwa anayeamini uhai unaanza yai likisharutubishwa hilo sio jambo dogo, siwezi kumcheka. Halafu kuna Casgevy, tiba ya sikoseli ya kurekebisha vinasaba, Uingereza waliiruhusu Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, wanatoa seli za mgonjwa mwenyewe zinazotengeneza damu, wanazirekebisha kwa krispa (CRISPR, ule mkasi wa kukata vinasaba) ili mwili urudie kutengeneza hemoglobini ile ya mtoto akiwa tumboni, wanampiga kemo kali kisha wanamrudishia. Mabadiliko yanaishia kwake, watoto wake hawarithi. Kimaadili sioni inazidi nini kupandikizwa figo, kinachonikera ni bei, Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, wakati wagonjwa wengi wako Afrika.

Ila alichofanya mwanasayansi He Jiankui kule China ni kitu kingine kabisa. Novemba 2018 alitangaza wamezaliwa mapacha ambao alishabadilisha kinasaba chao cha CCR5, kile kinachotengeneza mlango HIV inaoingilia kwenye seli, wakiwa viinitete, eti wasije kupata HIV. Baba alikuwa na virusi, mama hana, na njia ya kuosha mbegu za baba ili virusi visifike kwa mtoto ilikuwepo siku nyingi. Kwahiyo hapo hakuna mgonjwa aliyetibiwa, ni kuboresha tu, na akafungwa miaka 3. Wanaomtetea wanauliza mbona mzazi anampa mwanae chanjo na tuisheni, kinga ya kuzaliwa nayo ina ubaya gani? Swali zuri, lakini chanjo haiendi kwa wajukuu, na asiye na CCR5 akipata virusi vya West Nile ana hatari zaidi ya kuumwa. Unaziba tundu huku unafungua kule.

Na sikoseli yenyewe ndo ushahidi. Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu wa AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Sasa piga picha miaka mia iliyopita mtu angekuwa na krispa akafuta S pwani yote na kanda ya ziwa kwa nia njema kabisa, malaria ingezika watoto wangapi?

Kwahiyo msimamo wangu siku zote ulikuwa kutibu ndiyo, kuboresha hapana. Ulikuwa, maana kuna swali limenikwamisha. Mke na mume wote AS wanaishi Geita na mbu wao, daktari anasema viinitete viwili havina SS, kimoja AA kingine AS, chagueni. Wakichukua AS wamempa mtoto kinga ambayo AA hana, yaani wameboresha, na wamempa pia ile karatasi ya maabara ya kwenda nayo kwa mchumba wake.