Mstari wa Hergé na brashi ya Marcinelle

Mtu akiulizwa vibonzo vya matukio vya Ubelgiji vikoje, mara nyingi atakujibu kwa picha moja: kijana mwenye kishungi cha nywele, mbwa mweupe, mistari ya wino isiyonenepa wala kukonda, na rangi zilizotandazwa bila kivuli. Jibu hilo si kosa, ila ni nusu ya habari. Katika miaka ile ile ambayo Hergé alikuwa akiwachora Tintin na wenzake jijini Brussels, huko kusini, katika kitongoji cha Marcinelle kando ya mji wa Charleroi, nyumba ya uchapishaji ya Dupuis ilikuwa ikitoa jarida la Spirou, na wachoraji wake walisimulia safari, mifukuzano na hatari kwa mkono mwingine kabisa, mkono wa brashi. Mkono wa kwanza umepewa makumbusho na nadharia. Wa pili umebaki na mapenzi ya watu waliousoma wakiwa watoto, na sifa ya kuchekesha. Naona mgao huo haukuwa wa haki, hasa tukikumbuka kwamba tunazungumzia hadithi za matukio, yaani hadithi za watu wanaokimbia, wanaoanguka na wanaoogopa.

Upande wa Hergé una faida moja kubwa isiyohusiana na uchoraji wenyewe: una jina. Ligne claire, yaani mstari safi kwa Kifaransa, ni jina alilolitoa kwanza kwa Kiholanzi mchoraji Joost Swarte mwaka 1977, wakati wa maonyesho yaliyofanyika Rotterdam. Kufikia hapo Tintin alikuwa ametimiza miaka 48 tangu atokee katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, tarehe 10 Januari 1929, na kitabu cha mwisho ambacho Hergé alikikamilisha kilikuwa kimetoka mwaka uliotangulia. Alichora karibu maisha yake yote ya kazi, basi, kabla mtindo wake haujabatizwa. Jina lilipokuja liliyachukua mazoea ya mtu mmoja na studio yake likayageuza kanuni: mstari wa unene mmoja, kivuli marufuku, rangi bapa, nyuso zilizorahisishwa mbele ya majengo na magari yaliyochorwa kwa usahihi wa fundi. Kitu chenye kanuni hufundishika, huigika na huandikiwa tasnifu. Miaka ya 1980 wachoraji wa Ufaransa kama Ted Benoit na Floc'h walijenga kazi zao juu ya kanuni hiyo, na wahakiki wakapata kipimo cha kupimia vibonzo vyote, hata vile ambavyo havikukusudia kupimwa nacho.

Pamoja na hayo, mstari huo una hoja zake, na ni hoja nzito. Mwaka 1942, karatasi ikiwa adimu kwa sababu ya vita, mchapishaji Casterman alikubaliana na Hergé kwamba vitabu vya Tintin viwe vya rangi na viwe na kurasa 62. Hadithi za zamani zilizokuwa zimetanuka katika kurasa zaidi ya 100 za rangi nyeusi na nyeupe zikalazimika kuchorwa upya na kubanwa humo. Visanduku vikawa vidogo, vikaongezeka kwa kila ukurasa, na mchoro wowote uliojaa vistari vya kivuli ungegeuka doa. Usafi wa mstari, kwa hiyo, ulikuwa pia jibu la mtu mwenye nafasi finyu na mengi ya kusimulia. Tena unampa msomaji uhuru wa aina yake: mpini wa mlango, kiatu cha mpita njia na uso wa shujaa vimechorwa kwa wino wa uzito mmoja, hakuna anayekusukuma utazame wapi, na ndiyo maana watu hurudi kwenye ukurasa ule ule wakiwa watu wazima wakaona kitu ambacho hawakukiona utotoni. Na katika Tintin au Tibet, uliotoka kama kitabu mwaka 1960, theluji haikuchorwa kabisa. Imeachwa karatasi tupu, na mtu mdogo aliyezungushiwa mstari mwembamba anatembea katikati ya utupu huo. Sijaona brashi inayoweza kufanya hivyo vizuri zaidi.

Ila theluji imetulia, na matukio mengi hayatulii.

Jarida la Spirou lilianza tarehe 21 Aprili 1938. Mtu wa kukumbuka hapa ni Joseph Gillain, aliyetia sahihi Jijé, ambaye baada ya vita aliwakaribisha nyumbani kwake Waterloo wachoraji vijana watatu, André Franquin, Morris na Will, wakawa wanafanya kazi chini ya paa lake. Franquin na Morris walikuwa wametoka katika studio ya filamu za katuni, mahali ambapo mtu hujifunza mapema kwamba mwili unaoruka hurefuka na mwili unaotua hubonyea. Mwaka 1946 Jijé alimkabidhi Franquin mhusika Spirou hadithi ikiwa imefika katikati, bila sherehe, kama dereva anayemwachia utingo usukani gari likiwa barabarani. Huko Brussels jambo hilo lisingewezekana. Hergé alianzisha studio yake mwaka 1950, akawa na wasaidizi hodari kama Bob de Moor, lakini kazi ya kila mmoja wao ilikuwa kuhakikisha kwamba mkono wake hauonekani. Jijé aliwataka wanafunzi wake waonekane, na kweli hakuna anayeweza kumchanganya Morris na Franquin, ingawa waliketi chumba kimoja.

Tuisogelee brashi yenyewe. Ukiikandamiza, mstari unanenepa. Ukiinyanyua, unakonda mpaka unakuwa unywele. Mtazame Marsupilami, mnyama aliyebuniwa na Franquin mwaka 1952, wa rangi ya njano yenye madoa meusi, mwenye mkia uliouzidi mwili wake mara kadhaa. Akitaka kumpiga chui anayemwinda katika misitu ya Palombia, nchi ya kubuni ya Amerika ya Kusini, huikunja ncha ya mkia ikawa fundo, na fundo hilo huwa ngumi. Katika mchoro wa namna hiyo mstari ni mzito pale mkia unapobeba nguvu na mwepesi pale unapofuata tu nyuma, kwa hiyo jicho linajua pigo linatoka wapi kabla halijafika. Ukiuchora mkia huo kwa mstari wa unene mmoja utapata kamba. Utaeleweka, bila shaka. Msomaji atajua kwamba mnyama anapiga. Ila atakuwa ameambiwa, hakulisikia pigo lenyewe mwilini. Hata viputo vya maneno vinafuata tofauti hiyo: vya Hergé ni vya pembe nne, vimekaa kama vibao vya ofisini, ilhali vya Marcinelle ni vya mviringo, vinajibana kati ya vichwa vya watu kama abiria wa mwisho.

Kuna wanaosema kwamba brashi hiyo hupiga kelele kupita kiasi, na hawasemi uongo. Kila mtu akichorwa anakimbia, jasho linamruka na kofia imemtoka kichwani, basi hakuna anayekimbia kweli. Hatari inageuka mchezo na msomaji anaacha kuogopa. Waigaji wa Franquin, ambao ni wengi, wamejaza kurasa kwa purukushani isiyo na uzito. Wapo pia wanaokumbusha kwamba mpaka kati ya kambi hizi haukuwa ukuta. Edgar P. Jacobs, aliyemsaidia Hergé kuchora upya vitabu vyake vya awali na ambaye huhesabiwa kuwa wa Brussels, aliijaza London ya kitabu chake La Marque jaune usiku na vivuli ambavyo kanuni ya mstari safi haivikubali. Franquin mwenyewe alipogombana na Dupuis mwaka 1955 alikwenda kuchorea jarida la Tintin, na alipopatana nao upesi akajikuta anayatumikia majarida yote mawili kwa sababu alikuwa ameshatia sahihi mkataba. Hoja hizi nazikubali, na nadhani zinaugusa mstari safi zaidi ya brashi: ukishaona kwamba hata Jacobs alihitaji giza, unaanza kujiuliza kanuni ile ilikuwa ya nani.

Jambo moja halina mshindi. Msomaji anayetoka Kongo, au jirani yake, hawezi kupita hapa bila kuitaja Tintin au Congo ya mwaka 1930 na 1931, pamoja na nyuso zake nyeusi zilizofanana zote na shule ambamo watoto wa Kiafrika walifundishwa kwamba Ubelgiji ndiyo nchi yao. Somo hilo Hergé alilibadilisha kuwa hesabu katika toleo la rangi la 1946, nyuso akaziacha. Ni rahisi kudai kwamba kosa hilo limo ndani ya mstari unaorahisisha watu kuwa alama. Lakini Jijé, mwenye brashi ninayoisifu, alikuwa na mhusika mtoto mweusi aliyemwita Cirage, yaani dawa ya viatu, na jina hilo peke yake linatosha. Mtoto huyo alichorwa mwerevu, mara nyingi kuliko mwenzake mzungu, na midomo yake ilichorwa vile vile. Ubaya ule ulikuwa wa zama, na kila kalamu iliubeba kwa namna yake.

Tofauti inaonekana zaidi katika yale yaliyofuata. Mwaka 1954 Jijé alianza kuchora Jerry Spring, hadithi ya Magharibi ya Marekani ambayo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo: farasi wazito, vumbi, miamba iliyokatwa kwa wino mweusi mnene. Jean Giraud, kijana Mfaransa, alikuja kumsaidia katika hadithi mojawapo, na mwaka 1963 akaanza Blueberry, hadithi ya luteni wa jeshi huko huko Magharibi ya Marekani, katika jarida la Pilote kwa maandishi ya Jean-Michel Charlier. Kurasa za mwanzo zinafanana na za mwalimu wake kiasi cha kukuchanganya. Miaka kumi baadaye uso wa luteni huyo una makovu, vinyweleo na uchovu ambao mstari wa unene mmoja usingepata mahali pa kuuweka. Giraud huyo huyo ndiye aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Moebius, na huko mwishoni alichora pia kwa mstari mwembamba na mtupu kuliko wa Hergé. Aliufikia kwa kupitia brashi. Hata Barly Baruti, mchoraji mashuhuri aliyezaliwa Kisangani, alipoisimulia mwaka 2014 katika Madame Livingstone vita ya kwanza ya dunia katika Ziwa Tanganyika, na ile meli ya Wajerumani Graf von Götzen ambayo Watanzania wanaijua kama MV Liemba, alipaka ziwa na miili kwa rangi zenye kina na kivuli. Wanaodhani kwamba katuni ya Kibelgiji ni mstari safi tu watashangaa kwamba huyu naye ni wa ukoo huo.

Kwangu, hata hivyo, ushahidi mkubwa kuliko wote unatoka kwenye meza ya Hergé mwenyewe. Hakuwa akichora ule mstari tunaouona. Alichora kwanza kwa penseli, kwa ghadhabu, mstari juu ya mstari, akifuta na kurudia mpaka karatasi inachakaa, akiutafuta mwendo wa mwili. Kisha akauwekea juu karatasi inayopenyesha, akachagua katika vurugu ile mstari mmoja aliouona ni sahihi, akaunakili, na huo ndio uliotiwa wino. Hiyo ni kazi ya uamuzi mkubwa, na wanaomtetea husema hapo ndipo ulipo ustadi wake: kujua cha kutupa. Ni kweli. Lakini tazama kilichotupwa. Penseli yake ina mikono mitatu kwa kila mkono, ina kiuno kinachojipinda kabla ya mguu kuondoka, ina mistari inayonenepa palipo na nguvu na kufifia palipo na upepo. Kwa maneno mengine, Hergé alichora kama mtu wa Marcinelle kila asubuhi, halafu mchana akasafisha. Franquin naye alihangaika na penseli kabla ya wino, tena sana, lakini brashi yake iliruhusu sehemu ya mahangaiko hayo ivuke mpaka kwenye ukurasa uliochapwa. Mmoja alikuwa na njia ya kuokoa alichokipata. Mwingine alikuwa na njia ya kukisafisha mpaka kikaisha. Na huyu wa pili hakukosa kipaji cha kasi, alikuwa nacho tele, akakiona ni kitu cha jikoni kisichofaa kupelekwa sebuleni.

Tungebaki tukibishana kwa kukisia kama si kitabu kimoja. Hergé alifariki tarehe 3 Machi 1983 akiwa anaandaa Tintin et l'Alph-Art, na mwaka 1986 Casterman waliyachapisha maandalizi hayo jinsi yalivyokuwa, bila wino, bila rangi. Watu wengi walikinunua kama kumbukumbu ya msiba. Mimi nakihesabu kuwa kitabu chake chenye mwendo zaidi, kwa sababu ndicho pekee ambacho penseli haikupata nafasi ya kusafishwa. Katika kurasa za mwisho adui amemkamata Tintin na kumwambia atammwagia polista ya majimaji, imgandie mwilini, awe sanamu ya kuuzwa kama kazi ya sanaa. Katika mchoro wa mwisho anatolewa chumbani kwa kutishiwa bunduki, vistari vinarukaruka juu ya karatasi, havijachaguliwa bado, naye anaendelea kutembea.