Siku nne kusubiri majibu ya potasiamu
Nashukuru mwandishi wa makala kuligusa hili la kupima potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, kwa wagonjwa wa moyo papo hapo kwenye vituo vya afya. Mama yangu anatumia furosemaidi na spironolaktoni, dawa za kutoa maji mwilini. Moja inaitoa potasiamu kwa mkojo, nyingine inaizuia isitoke, na kiwango kinatakiwa kibaki takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita ya damu. Kikipanda au kushuka sana mapigo ya moyo yanavurugika, na mgonjwa anaweza asihisi chochote kabla. Mwaka jana miguu ilimvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Damu ikachukuliwa asubuhi, ikapelekwa mjini kwa bodaboda, majibu siku ya nne: potasiamu iko juu, ila apimwe upya, huenda chembe za damu zilipasuka njiani zikamwaga potasiamu iliyo ndani yake. Siku nne hatujui tumpe kidonge au tusimpe! Mashine ya mkononi inataka matone machache tu, majibu ndani ya dakika chache. Ila katriji (vifaa vidogo vya kuwekea damu ya kupima) za baadhi ya mashine hizo hutunzwa kwenye friji, kwa hiyo umeme nao uhesabiwe. Na damu ya kidoleni isikamuliwe kwa nguvu, itadanganya kama ile ya bodaboda. Waanze na kliniki za moyo na presha huku wilayani, tafadhali.