Kilo Mbili za Pemba

Mwanaume mwenye ndevu zake akienda soko la Tandika akaomba kilo mbili za pemba, hakuna atakayemuuliza anatengenezea nini. Ule udongo wa vijiti kama chaki, kazi yake inajulikana mji mzima: wajawazito wanatafuna. Mama muuzaji alinitazama, akacheka mpaka gego la mwisho nikaliona.

"Hongera baba. Ila kilo mbili? Mapacha?"

Nikasema asante. Ningesema chochote kingine siku ile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Mimi pemba niliitakia shanga. Nilikuwa nimeona kwenye simu bibi mmoja wa Ulaya, kakaa mbele ya moto wa gesi, mkono mmoja una kijiti cha kioo, mwingine una waya. Kioo kinalainika, anakizungushia kwenye waya kama unavyozungushia asali kwenye kijiko, dakika tano shanga imetoka. Na mimi nilishauliza bei za shanga za kioo Kariakoo. Hata hizi wanazovaa Wamasai, tunazopigia picha na kujivunia, nyingi zinatoka nchi ya Cheki, Ulaya huko. Nikajiambia, wewe, kioo ni kioo, na Mbagala haijawahi kukaukiwa chupa.

Tatizo ni kwamba kioo cha moto kikigusa chuma kinaganda nacho. Kwa hiyo waya unapakwa kwanza uji wa udongo, shanga ikipoa udongo unapukutika, shanga inachomoka na tundu lake. Wenzetu wanaununua ukiwa tayari kwenye kopo. Nikasoma, nikakuta kilichomo humo mara nyingi ni kaolini, udongo mweupe laini. Kaolini si hii hapa Pugu, njia ya Kisarawe? Na pemba nyeupe si ndugu yake? Baadaye niligundua ni ndugu wa kufikia, lakini wakati huo nilishalipa.

Waya nikapata kwa fundi baiskeli, spoku nane za bure. Zile zinazong'aa nilipoziweka motoni zilifuka moshi mweupe, kichwa kikaniuma hadi jioni. Ile rangi ya fedha ni zinki, na moshi wake si wa kuvuta. Nikarudi kuchukua zenye kutu. Moto nikaazima kwa jirani yangu fundi friji, kile kichomeo anachounganishia mabomba ya shaba, nikakifunga kwenye mtungi wa jikoni wa kilo sita. Mtungi wa mke wangu, tuelewane. Na miwani ya jua nikachukua ile yake ya harusini, yenye vijiwe pembeni.

Jumapili Mama Neema akaenda kwenye kikao cha vikoba, mtoto akaenda naye. Nikajifunga msuli, nikaweka kigoda uani, nikawasha.

Kipande cha kwanza cha chupa ya kijani nilikibana kwa praizi nikakitia katikati ya moto moja kwa moja. Paa! Hakikuvunjika, kilitoweka. Vipande vingine nilivipata siku ya tatu, kimoja ndani ya kandambili. Kumbe kioo hakitaki haraka. Upande mmoja ukipata joto ukatanuka na mwingine ungali baridi, kinajipasua chenyewe. Unakipasha kwanza pembeni ya moto, mbali, unakisogeza taratibu kama unavyomsogelea ng'ombe usiyemjua.

Saa nne kikakubali. Sijui niwaelezeje. Ncha ya kioo inaanza kwa kuviringika, ukali wa makali unapotea, halafu inakuwa ya chungwa na kuninginia kama kamasi la mtoto, na mwanga wa njano unatoka pale unaokuumiza macho. (Miwani ya harusi haikusaidia kitu kwa mwanga ule.) Nikaigusisha ncha hiyo kwenye spoku yenye pemba, nikazungusha. Shanga ya kwanza ilitoka na umbo la kinyesi cha mbuzi kilichokanyagwa. Niliipenda kama Neema alipozaliwa.

Sasa hapa ndipo panapohitaji akili. Shanga ukiiacha ipoe hewani, nje inapoa na kusinyaa wakati ndani bado kuna moto, inapasuka. Wenye uwezo wana tanuri la umeme, wanaliweka nyuzi mia tano na kitu, halafu wanalishusha polepole kwa masaa. Mimi nilibandika sufuria ya mchanga kwenye jiko la mkaa, nikaupasha mpaka ukawa hauguswi, kila shanga nikaizika humo na spoku yake na kufunika mfuniko. Saa saba nilikuwa na shanga saba kwenye sufuria. Ya saba nilikuwa nimeitilia mstari wa chupa nyeupe juu ya kijani. Hiyo nilishaanza kuipangia bei.

Ya nane niliifanyia haraka. Paa! Kipande chekundu kikaruka, kikatua kwenye mapaja, kikaanza kula msuli.

Nilifanya ambavyo yeyote angefanya. Niliruka, nikauvua msuli, nikautupa, nikaukanyagakanyaga huku nikimtaja Mungu. Mungu si Athumani, ndani nilikuwa na bukta. Nilipoinua kichwa, mlangoni pa ua amesimama mama mkwe wangu, kitenge kipya, kikapu kwapani, jogoo mkononi. Ametoka Muheza na basi la alfajiri.

Yule muuzaji wa Tandika, kumbe wifi yake anasali kanisa moja na shangazi wa mke wangu. Pemba nilinunua Alhamisi. Ijumaa Muheza walishajua, tena mapacha.

"Shikamoo mama," nikasema, na miwani ya harusi usoni, nyusi moja imeungua.

Mama mkwe hakuitika. Alikuwa anaitazama bukta. Ilikuwa ya Simba, na yeye ni Yanga tangu ujana wake.

"Marahaba baba," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayepokea taarifa ya msiba. "Kumbe na wewe ni wa kule."

Nikakimbilia ndani kuvaa suruali. Sidhani nilimaliza dakika tatu. Niliporudi, mama alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, amechutama mbele ya jiko, mfuniko mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Alishaona kwamba mwanawe hayupo, mkwe ndiye anapika, akataka kusaidia. Alikuwa anautazama ule mchanga. Pembeni yake, kwenye bakuli, ulikuwapo uji wangu wa pemba na mwiko ndani yake.

"Baba."

"Naam mama."

"Pemba nilisikia nikiwa Muheza. Nikasema ni hali, itapita." Akashusha sauti jirani asisikie. "Sasa mmefikia kupika kabisa?"

Nikafungua mdomo.

"Tena ulikuwa unaungua," akasema. "Nimeongeza maji."

Kutoka kwenye sufuria ikasikika: tik. Kimya kidogo. Tik. Tik-tik. Nilizihesabu. Kwa mtu wa nje ungedhani ni bisi.

Mama Neema akaingia wakati huohuo, akamrukia mama yake, akamwona jogoo, akauliza kulikoni. Mama akamshika tumbo, akampa hongera ya mimba.

"Mimba?" akasema mke wangu. "Ya nani?"

Wakanigeukia wote wawili.

Maelezo yalichukua mpaka jioni, na katikati yake gesi iliisha, jambo lililofungua kesi nyingine. Shanga zilikuwa vipande. Ile ya mstari ilipasuka palepale rangi mbili zilipokutana. Nadhani hiyo ingekufa hata bila maji, maana chupa mbili tofauti hazisinyai sawasawa. Imepona ndogo moja tu, kama punje ya choroko, na hiyo imegoma kutoka kwenye spoku. Nimeiloweka, nimeivuta kwa praizi, wapi. Pemba ilishikamana na kioo kuliko nilivyoshikamana na familia yangu wiki ile. Mama Neema anageuzia vitumbua kwa spoku hiyo, na anasema shanga inazuia mkono usiteleze.

Jogoo tulimla. Mama mkwe alikaa siku nne, akaondoka na pemba iliyobaki, kilo moja na ushee, kwenye mkoba. Kumbe anaipenda tangu ana mimba ya mke wangu. Basi lilikuwa halijafika Chalinze akanipigia, nikasikia kabisa anavyotafuna, kra, kra. "Baba, hii ya Tandika ni tamu. Mwezi ujao nitumie kilo mbili."

Nikaenda. Yule mama alinikumbuka.

"Mapacha hawajambo?"

Nikasema hawajambo, asante.