Nguru wa GB 500

Kwanza nilimsingizia mjusi.

Kompyuta yetu iko ukumbini, Kibokoni, Mombasa, juu ya meza ya zamani ya cherehani, na kwa wiki nzima ilikuwa ikitoa sauti: tche, tche, tche, kimya kidogo, kisha tche tena. Mtu aliyekulia Mji wa Kale akisikia sauti hiyo hageuzi hata shingo. Ni mjusi kafiri, mwache na mbu wake. Mke wangu ndiye aliyeingiwa na shaka, kwa sababu kila mjusi alipoita, kadi aliyokuwa akiiandika iliganda kwenye skrini.

"Huyo mjusi yumo ndani," akasema.

Nikachukua bisibisi. Skrubu zilikuwa nne na zote zimeliwa na kutu, maana bahari iko hapo chini tu na hewa ya chumvi haichagui. Ya tatu ilitoka kwa koleo na dua. Na wallahi mjusi alikuwamo! Mnene, katulia kwenye vumbi nyuma ya nyaya kama mwenye hati ya nyumba, na kando yake mayai mawili meupe, madogo kama peremende. Tukatazamana. Nikamtoa kwa ufagio, mayai nikayahamishia dirishani kwa heshima zote, nikafunga sanduku, nikawasha, nikakaa kitako kama daktari aliyetoka kupasua.

Tche, tche, tche.

Ilikuwa diski, pale kompyuta inapoweka kila unachoiandikia. Zile diski za kizamani zina sahani ndani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kijichwa kinachosoma kikiwa kimeelea karibu mno hata unywele haupiti. Kijichwa kikianza kugonga, huna mjusi, una mgonjwa mahututi. Yetu ilikuwa ya GB 500, ingawa Windows siku zote iliisoma 465, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Mimi miaka yote nilijua hizo 35 kapunja muuzaji.

Fundi mmoja upande wa Digo Road akaniambia elfu tano: diski, kazi na mfumo mpya. Sasa, mimi nilipata B ya Fizikia kidato cha nne. Elfu tano za kufungua skrubu nne ambazo nimeshazifungua mwenyewe? Nikanunua diski mpya peke yake, ile aina isiyo na kinachozunguka ndani, GB 240, shilingi 2,800, nikarudi nyumbani nikijihesabu tajiri.

Mke wangu alikuwa na neno moja tu. "Fanya utakalo, lakini majina yangu yatoke salama." Alikuwa na kazi ya kadi za harusi, kila kadi na jina la mwalikwa wake, watu 214. Karatasi ya majina alishaitupa baada ya kuyaandika. Na mwenye harusi ni mtu wa mdomo: ukimwambia majina yake yamepotea, kabla ya Alasiri habari ishavuka Likoni.

"Salama kabisa," nikamwambia.

Kabla sijagusa diski nilihitaji flash ya kuwekea mfumo mpya. Windows 7 yetu iliachwa na wenyewe tangu tarehe 14 Januari 2020, na Windows 11 haiitaki kompyuta ya umri ule, kwa hiyo nikaamua kuweka Ubuntu, ambayo ni bure. Jina lenyewe limetoka kwa ndugu zetu wa kusini na maana yake ni utu, nikaona mfumo unaoitwa utu hautanidhalilisha. Flash ya GB 8 nyumbani ilikuwa moja: imechomekwa kwenye redio ya mama mkwe.

Naomba mnielewe hapa. Ile haikuwa flash, ilikuwa maisha ya mtu. Taarabu zote za ujana wake zimo mle, na kasida, zilizokusanywa miaka na mpwa wake mmoja wa Lamu. Redio ile huanza baada ya Alfajiri na hainyamazi mpaka mwenyewe alale. Nikangoja ameenda darsani, nikaichomoa. Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kuifuta niliwasha kompyuta yetu, tche, tche, nikanakili nyimbo zote, moja baada ya nyingine, zikakaa vizuri kwenye diski.

Kwenye ile diski. Iliyokuwa ikifa. Kama mtu anayehamishia vyombo vyake kwenye jahazi linalozama kwa sababu ufukweni kuna jua.

Nikaenda kwa shemeji mwenye laptopu. Programu ikaniuliza: kila kitu kwenye flash hii kitafutwa, una hakika? Nikabonyeza ndiyo hata sijamaliza kusoma.

Kuweka diski mpya hakukuwa na hadithi kubwa. Ni ndogo mno, inaelea ndani ya nafasi ya ile ya zamani kama mtoto kwenye kanzu ya babu yake, nikaifunga kwa kipande cha kanga ili isining'inie. Haina kinachozunguka, haijali imelala ubavu upi. Tabu ilikuwa kuiambia kompyuta ianzie kwenye flash. Kila kompyuta ina kitufe chake cha siri na cha yetu nilikuwa sikijui, nikawa napiga F2, F8, F12 zote pamoja kama mpiga kinanda siku ya kesha. Mara ya sita ikakubali. Nusu saa baadaye Ubuntu ikafunguka, haraka, kimya, hata pumzi haisikiki. Nikamwita mke wangu aje aone.

Akaja, akaona. "Majina yako wapi?"

Nikachukua waya wa DVD, nikaichomeka diski ya zamani. Ikazunguka. Tche, tche, tche, tche. Haikuonekana popote. Nikazima, nikawasha. Nikaigonga kidogo ubavuni, nikaibembeleza. Hakuna.

Jioni nikaenda barazani kunywa kahawa, na kosa langu likawa kuisimulia. Palepale wakapatikana mafundi saba. Mmoja, mzee aliyefanya kazi melini zamani, akaweka kikombe chini akasema diski ikishika tabia hiyo huwekwa kwenye friza usiku mmoja. Chuma kinasinyaa kwa baridi, kilichonata kinaachia, unapata dakika chache za kunakili vitu vyako. Na kweli dawa hiyo ilivuma sana enzi hizo, na wapo walioapa imewafaa. Asichosema mzee ni kwamba wanaookoa data kwa kazi huikataza kabisa, kwa sababu ukiitoa baridini inatoka jasho. Na hapa kwetu bilauri ya maji baridi ikikaa mezani dakika tano inaacha dimbwi. Lakini yote hayo nimeyajua baadaye, nikiwa mwerevu.

Nilihitaji kitu cha kuifungia isiingie maji. Majuala, ile mifuko ya plastiki, yamepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, ila mama mkwe ana akiba yake chini ya godoro, ambayo serikali haiijui, na huitumia kwa kazi moja tu: kufungia vipande vya nguru. Nikachomoa matatu. Nikaifunga diski juala ndani ya juala, fundo juu ya fundo, nikaifukia kwenye friza chini ya barafu za ukwaju za watoto. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na flash ya watu ninayo mfukoni?

Kesho yake nikaenda kazini. Niliporudi Magharibi nikaitoa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kuwa majuala yalikuwa mawili. Cha pili, fundo halikuwa langu. Cha tatu, diski ilikuwa inanuka ndimu na kitunguu thomu. Nikajiambia, friza ya nyumba hii kila kitu kinanuka samaki, hata barafu za watoto. Nikaichomeka.

Kimya. Si tche, si mvumo, si chochote. Nimekaa na sauti ile wiki nzima nikiilaani, sasa nikatamani hata mjusi arudi.

Nikaigeuza nikaitazama vizuri chini ya taa. Ile karatasi yenye jina na namba ilikuwa imekwaruzwa mistari mistari, yote ikielekea upande mmoja, kuanzia mkiani kwenda kichwani. Nimesema mkiani; hapo akili yangu ilikuwa imeanza kufika. Diski hizi zina kitundu kidogo cha kupumulia, na pembeni yake kiwanda kimeandika kwa herufi kubwa kisizibwe. Onyo la ndimu hawakuliandika. Nikaiinamisha, na kutoka chini ya ule ubao wa kijani likadondoka tone la maji, polepole, likatua kwenye meza ya cherehani. Nikalinusa.

Usiku tuliandaa wali na mchuzi. Mama mkwe alikula kimya, kisha akasema bila kuniangalia, "Redio yangu yangoja flash siku ya tatu leo."

"Mama," nikasema, "kwanza nikuulize. Kwenye friza jana..."

Tonge likasimama hewani.

"Kile chuma?"

Mke wangu akaacha kula.

"N'liona juala langu," akaanza. "Miaka thelathini nafunga nguru kwa mikono hii, na fundo lile si langu, lakini nikasema uzee huu. Kizito, karibu nusu kilo, kigumu kama nguru wa friza. N'katoboa juala, n'katia besenini na maji kiyeyuke, na ndimu kutoa shombo. Saa nzima. Hata thomu nishatwanga. N'kachukua kisu niparuze magamba." Akanyamaza kidogo. "Kisu kikakataa."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Niseme nini? Mkwe wangu kaficha chuma ndani ya majuala matatu chini ya barafu. N'lidhani wapewa na mganga." Akatazama sahani yake. "N'kakianika juani, n'kakifunga, n'kakirudisha pale pale. Mambo ya watu na waganga wao mtu mzima haulizi."

Mke wangu alikuwa kajifunika uso kwa mtandio, na mabega yakimtikisika sikujua analia au anacheka. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikaeleza yote: kompyuta, majina 214, flash, na kwamba kwa uangalifu wangu mkubwa nilizihamisha taarabu zote mahali salama kabla ya kuifuta.

"Mahali gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Ilikuwa juu ya meza ya cherehani, juu ya gazeti, ikikauka.

Alichukua muda. "Kwa hiyo taarabu zangu n'meziloweka mwenyewe."

"Na ndimu, Mama."

Nilitegemea matusi. Badala yake akanawa mikono, akatengeneza tambuu yake taratibu, chokaa, popoo, akaitia shavuni, akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta. "Harusi ya binti wa yule wa Kuze, si ndiyo? Mamake twasoma naye darsa moja. Na babake walikuwa majirani zetu kabla hawajahamia Makadara. Haya, andika."

Akaanza. Hakusoma popote, hakufumba jicho. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kama anayetembea: akaanzia Kuze, akapita Mkanyageni, akashuka Kibokoni, akavuka Makadara, akarudi kwa waliohamia Bondeni na Tudor. Nani kamwoa nani, nani dada yake nani, yupi aandikwe na mumewe na yupi aandikwe peke yake kwa sababu wameachana mwezi wa Rajabu na bado haijatangazwa. Mke wangu alikuwa akipiga vitufe na kila baada ya dakika akisema, "Ndiyo! Huyo alikuwamo!" Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta kahawa. Tulimaliza saa nane za usiku. Ubuntu haikuganda hata mara moja, sifa ambayo hakuna aliyeitoa.

Tulipohesabu, majina yalikuwa 226.

"Walikuwa 214, Mama," mke wangu akasema.

"Walisahauliwa hao. Aibu kumi na mbili hizo nimewaondolea."

Kadi zikachapwa, zikaenda. Mwenye harusi alizihesabu, akaona zimezidi, akadhani ni hisani ya duka, akatuongezea mia tano. Flash nikamnunulia mama mkwe mpya ya GB 32, na mpwa wa Lamu sasa analeta nyimbo moja moja kila akija, na kila ikipigwa mpya mimi huondoka ukumbini kwa hiari yangu.

Siku mbili kabla ya harusi tukasikia hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, yule ambaye Ramadhani aliazima mbuzi ya mama mkwe ya kukunia nazi akairudisha haina meno. Hakuketi. Akasema kadi zimefika mtaa mzima, hata kwa muuza mkaa, kwake hazijafika, na mwenye harusi kamhakikishia kwa mdomo wake kuwa jina lake alilitoa kati ya yale ya mwanzo kabisa.

Mama mkwe akashusha pumzi. Akaitazama kompyuta kule mezani, kisha akamtazama mgeni kwa huruma ya mtu aliyetoka mazikoni.

"Kompyuta ilikufa, mwanangu," akasema. "Majina mengine hayakuokoka."

Akanigeukia mimi, fundi, nithibitishe. Nikathibitisha.