Wolai wa Vilas: kati ya mkuki, ndoano na ziwa linalopata joto

Kaunti ya Vilas iko kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, mpakani na Michigan. Wakazi wake ni kama 23,000 tu, lakini maziwa yake yanapita 1,300, makubwa kwa madogo, mengi yakiwa katikati ya misitu. Watu wa huko wanaishi kwa ziwa: mwenye nyumba za wageni, muuza chambo, fundi wa injini za boti, mwongoza wavuvi. Samaki anayewavuta wageni kuliko wote ni wolai (kwa Kiingereza walleye), na kwa zaidi ya miaka 40 samaki huyo amekuwa chanzo cha ugomvi unaoamka kila barafu inapoyeyuka. Nani anawamaliza? Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, wanaomvua kwa mkuki usiku, au maelfu ya wageni wanaomvua kwa ndoano mchana?

Pande zote mbili zina hoja, na nitazieleza. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mkuki umesingiziwa. Ila hata baada ya kuuondolea lawama, bado kuna deni kubwa ambalo hakuna upande unaotaka kulilipa.

Tuanze na samaki mwenyewe. Wolai ni samaki wa maji baridi mwenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana huwinda vizuri jioni na usiku, au pale maji yanapokuwa na ukungu kidogo. Nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi. Aliyekulia kwenye sangara hatahitaji kuelezwa kwa nini watu wanaigombea. Hutaga mayai Aprili, maji yakiwa na nyuzi joto 6 hadi 10 hivi, juu ya changarawe karibu kabisa na ufuko. Hapo ndipo Muojibwe humkuta. Mvuvi husimama kwenye mashua, taa kichwani, mkuki wenye meno kadhaa mkononi, akitafuta macho yanayong'aa majini. Zamani taa ilikuwa mwenge wa gome la mti, na wafanyabiashara wa ngozi wa Kifaransa walipoiona mienge hiyo waliliita eneo hilo Lac du Flambeau, yaani Ziwa la Mwenge. Jina limebaki hadi leo, na ndilo jina la eneo la Waojibwe lililo ndani ya Vilas.

Haki yenyewe haikutolewa na serikali kama fadhila. Katika mikataba ya 1837 na 1842, Waojibwe waliikabidhi Marekani ardhi kubwa ya kaskazini mwa Wisconsin, na katika kukabidhi wakabaki na haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya mazao ya porini katika ardhi hiyo. Mkataba wa 1854 uliwatengea maeneo ya kudumu, Lac du Flambeau likiwemo. Kisha jimbo likafanya kana kwamba haki ile imekufa. Kwa miongo mingi, Muojibwe aliyevua nje ya mipaka ya eneo lake kinyume cha kanuni za jimbo alikamatwa kama jangili. Mwaka 1974 ndugu wawili wa Lac Courte Oreilles, jamii nyingine ya Waojibwe, walivua kwa mkuki nje ya mpaka wakijua watakamatwa, na wakakamatwa. Kesi iliyofuata ilifika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho mjini Chicago, ambayo mwaka 1983 ilisema haki ile haijawahi kufutwa.

Yaliyofuata ni aibu. Kati ya 1987 na 1991, umati ulikusanyika kwenye mialo usiku baada ya usiku. Mawe yalirushwa, manati yalitumika, boti ziliendeshwa kwa kasi makusudi ili kuwatikisa wavuvi waliosimama. Kulikuwa na mabango yaliyowahimiza watu waokoe wolai kwa kumchoma mkuki Mwindiani, jina la zamani la wenyeji wa asili. Jaji Barbara Crabb alitoa amri ya kuwazuia wasumbufu hao mwaka 1991, na mwaka huohuo kesi kubwa ya mkataba ikafungwa bila jimbo kukata rufaa.

Sasa, tukiuweka kando ubaguzi ule, wenye ndoano wanalalamikia nini hasa? Si haki kudhani kwamba kila aliyelalamika alikuwa mbaguzi. Lipo jambo la kibayolojia: samaki anayechomwa mkuki anachomwa kwenye mazalia, wiki ileile anayotaga. Mtu yeyote aliyekua akisikia kwamba samaki anayetaga aachwe atashtuka akiona mkuki hapo. Lipo pia jambo la mfuko. Kwa miaka mingi idadi ya wolai ambao mvuvi wa ndoano aliruhusiwa kwa siku ilitegemea tamko la Waojibwe kwa kila ziwa. Wakitangaza kiasi kikubwa, kikomo cha mgeni kilishuka kutoka 5 hadi 3 au 2. Mara nyingi Waojibwe huvua pungufu sana ya walichotangaza, kwa hiyo mwenye nyumba za wageni aliona kikomo kimeshuka kwa ajili ya samaki ambao hawakuvuliwa. Biashara hizi nyingi ni za familia, na msimu wa joto kule ni mfupi. Mgeni aliyesafiri saa sita kutoka Chicago akiambiwa samaki wawili tu, mwaka ujao huenda asirudi. Mwaka 2015 jimbo liliweka kikomo kimoja cha samaki 3 kwa siku katika ardhi yote ya mikataba, na sehemu hii ya malalamiko ikapungua makali.

Hoja ya mazalia haisimami ikipimwa. Samaki dume hukaa kwenye mazalia muda mrefu, jike huja, hutaga na kuondoka. Kwa hiyo wengi wanaochomwa ni madume. Sheria za Waojibwe wenyewe zinabana sana idadi ya samaki wakubwa, ambao ndio majike wenye mayai mengi. Isitoshe, jike aliyevuliwa Januari kupitia tundu la barafu naye hatagi Aprili. Kwa hesabu ya kizazi kijacho, amepotea vilevile, ila hakuna anayekwenda kumpigia kelele mvuvi wa Januari.

Halafu kuna wingi wenyewe. Mavuno ya mkuki katika ardhi yote ya mikataba ya Wisconsin, kwa jamii zote sita za Waojibwe, yamekuwa karibu wolai 30,000 kwa mwaka kwa miaka mingi. Wavuvi wa ndoano huchukua mara kadhaa ya idadi hiyo. Bunge la Marekani liligharimia uchunguzi wa pamoja wa wataalamu wa jimbo, wa shirikisho na wa Waojibwe, na taarifa yao ya 1991 ikasema wazi kwamba mkuki haujaharibu hazina ya samaki.

Kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: kama leo tunajua chochote cha uhakika kuhusu wolai wa Wisconsin, sehemu kubwa ni kwa sababu ya kesi ile ya mkataba. Mahakama ilipokubali haki ya mkuki, ililazimu kila ziwa liwe na kiwango salama cha mavuno, na kiwango salama hakiwezi kupangwa bila kuhesabu. Ndipo makundi ya watafiti yakaanza kuingia maziwani kila majira ya kuchipua, kukamata, kutia alama na kuachia. Kanuni iliyowekwa ilisema mavuno ya pande zote yasizidi asilimia 35 ya wolai wazima wa ziwa, na uwezekano wa kuzidisha usipite mmoja kati ya 40. Katika uvuvi wa mkuki, kibali hutolewa kwa usiku na kwa ziwa. Mwaloni kuna karani anayehesabu samaki, kuwapima urefu na kuandika jinsia. Kiasi cha ziwa kikifikiwa, uvuvi wa mkuki umekwisha. Kwa mvuvi wa ndoano hesabu ni ya kukadiria, kwa kuhoji baadhi ya watu katika baadhi ya maziwa. Ziwa la Escanaba, humohumo Vilas, ni la pekee: tangu 1946 kila mvuvi anayeingia analazimika kuonyesha alichovua. Ningependa kuona maziwa mengine yenye utaratibu huo.

Lakini hesabu hizo hizo ndizo zilizoleta habari mbaya. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa maziwa 179 ya Wisconsin kwa data za 1990 hadi 2017. Badala ya kuuliza samaki wangapi wapo na wangapi wamevuliwa, waliuliza ziwa linazalisha uzito gani wa wolai kwa mwaka, na kiasi gani cha uzito huo kinaondolewa. Jibu lilikuwa kwamba karibu asilimia 40 ya maziwa yalivuliwa kupita uwezo wake, mara kumi ya ilivyodhaniwa kwa kipimo cha kawaida. Uvuvi haukuwa umeongezeka. Mtaji ndio uliopungua, wavunaji wakaendelea kutoa faida ileile.

Kwa nini ziwa linazalisha kidogo? Sababu ni zaidi ya moja, na joto ni mojawapo ya kubwa. Wolai wadogo hawafiki vuli yao ya kwanza katika maziwa ambayo zamani walijaa. Wakati huo besi wa mdomo mpana, samaki yuleyule aliyepelekwa Naivasha kutoka Marekani katika miaka ya 1920, anastawi kadiri maji yanavyopata joto. Utafiti wa 2017 uliangalia maziwa 2,148 ya Wisconsin. Ulikadiria kwamba maziwa yanayofaa wolai kuzaliana yatashuka kutoka asilimia 10 hadi chini ya 4 kufikia katikati ya karne hii, na yale yenye besi wengi yatapanda kutoka asilimia 60 hadi 89.

Hapa ndipo mgawanyiko wa kweli ulipo siku hizi, nao haufuati tena mstari wa zamani wa mkuki na ndoano. Wapo wanaosema tupigane. Tangu 2013 jimbo limetenga mamilioni ya dola kukuza vifaranga hadi sentimita 15 au zaidi kabla ya kuwapandikiza, kwa kuwa kifaranga mkubwa haliwi kirahisi. Waojibwe wa Lac du Flambeau nao wana kituo chao cha kutotolesha vifaranga, na wamepandikiza kwa miongo mingi, samaki ambao wageni pia huwavua. Mwaka 2015, katika maziwa ya Minocqua yaliyo kaunti jirani ya Oneida, pande zote zilikubali jambo ambalo mwaka 1989 lingeonekana ndoto: wenye ndoano wakaachia kila wolai waliyemnasa, Waojibwe wakaweka mikuki chini, na kikundi cha wavuvi kikachangia vifaranga. Miaka mitano ilipokwisha, ufungaji ulirefushwa.

Wengine wanasema kuna maziwa yaliyokwisha kuvuka, na fedha zinazomwagwa humo zimepotea. Ushahidi wao mzito uko Ziwa McDermott, kaunti ya Iron. Watafiti walitoa humo kwa miaka kadhaa idadi kubwa mno ya besi na jamaa zao, ili kuwapa wolai nafasi. Nafasi ikachukuliwa na samaki mwingine, perchi wa manjano. Wolai hawakurudi kuzaana. Kwa upande huu, heshima kwa mvuvi ni kumwambia ukweli: ziwa lako sasa ni la besi, jifunze kumvua na kumla.

Kwa mwenye nyumba za wageni ushauri huo unauma lakini unatekelezeka. Besi anavuta wageni pia, na mgeni anayemtaka wolai anaweza kuendesha gari hadi Kanada. Kwa Muojibwe mambo ni tofauti, na hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaosema kila upande utapoteza sawa. Haki yake imefungwa kwenye ardhi iliyotajwa katika mkataba. Hawezi kuihamishia kaskazini kumfuata samaki. Mkuki wa Aprili unategemea samaki anayekuja kutaga ufukoni maji yakiwa baridi, mwenye jicho linalorudisha mwanga. Besi hana desturi hiyo. Na wolai huyo analiwa. Tume ya pamoja ya jamii za Waojibwe hutoa hata ramani za zebaki, kuonyesha ni maziwa gani yenye wolai salama kwa mama mjamzito na watoto. Ziwa likigeuka kuwa la besi, mgeni amepoteza burudani moja kati ya nyingi, na familia ya Lac du Flambeau imepoteza chakula walichohifadhi kwa mkataba walipoitoa ardhi yao.

Kwa hiyo kama ningepewa kalamu, ningeanza kwa kushusha ile asilimia 35 katika maziwa ambayo uzalishaji wake umepungua, na ningeanzia kwa ndoano, kwa sababu ndiyo inayochukua wengi na ndiyo isiyohesabiwa vizuri. Upande wa pili utasema hilo linaonea wenye biashara ndogo. Ni kweli litawaumiza, na jimbo linalokusanya ada za leseni linapaswa kuwasaidia wazi, siyo kuwaacha wakimlaumu jirani. Upandikizaji ningeuelekeza kwenye maziwa makubwa na yenye kina, ambako maji ya chini bado ni baridi, hata kama mbunge wa eneo atapiga kelele kwa ajili ya kiziwa kilicho mbele ya nyumba za wapiga kura wake.

Na orodha ya maziwa yatakayoachwa itangazwe. Hivi sasa ziwa huachwa kimyakimya: vifaranga vinapunguzwa mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja mwongoza wavuvi anagundua mwenyewe. Orodha hiyo isiandikwe na jimbo peke yake kisha Waojibwe wapelekewe nakala. Mwaka 2018, katika kesi ya samoni wa jimbo la Washington, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, na hivyo ikaiacha isimame hukumu kwamba jimbo haliruhusiwi kujenga makalvati yanayowazuia samaki wa mkataba kupanda mito. Joto la ziwa halina mkandarasi mmoja wa kushtakiwa. Ila uamuzi wa kuacha kulipigania ziwa fulani ni uamuzi wa watu wanaojulikana, katika ofisi inayojulikana, na jamii ya Lac du Flambeau ina haki ya kuwa na kiti mezani kabla haujatiwa saini.